Konokono wa Jiwe

Maji yalikuwa ya bamvua. Yalikupwa kuliko nilivyowahi kuyaona mwaka ule, na ufuo wa Changamwe unaotazama Port Reitz, ambao siku nyingi huwa umefunikwa, ukabaki wazi hadi mbele ya mikoko. Pale hakuna mchanga mweupe wa kwenye kadi za watalii. Kuna tope, kuna mwamba wa kijivu unaobanduka kama kurasa za daftari lililolowa, na juu ya tope hilo yametapakaa madonge ya mawe yenye rangi ya kutu, mengine kama limau, mengine kama nazi. Donge moja lilikuwa limepasuka. Mpwa wangu wa miaka minane ndiye aliyeliona kwanza.

"Mjomba, njoo! Nyoka amejikunja ndani ya jiwe."

Nilichuchumaa. Hakuwa nyoka. Ulikuwa mzingo ndani ya mzingo, umebapa kama kisahani, na kila mzingo una mbavu zilizopangwa kwa usawa ambao fundi wa nakshi wa Lamu angesimama kuutazama. Nikalifuta tope kwa kidole. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, na hata leo nikilikumbuka jambo hilo natetemeka kidogo.

Kwa kazi mimi ni karani wa klaringi. Kutwa nashinda na makaratasi ya makontena. Kwa mapenzi ni muokota mawe. Sikusomea miamba popote zaidi ya jiografia ya shule ya upili. Miaka 11 nimeokota, nikayaweka mawe yangu kwenye mikebe ya biskuti chini ya kitanda, na mtu akiniuliza haya ni nini, nilijibu "visukuku", yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kana kwamba neno hilo lamaliza kila kitu. Kwa jiwe hili halikunitosha.

Mama alipolishika aliligeuza mara mbili, akanirudishia.

"Konokono wa jiwe. Sisi tulipokuwa wadogo tukiviokota vidogo vyake, tukachezea mdako."

"Mliviokota wapi, Mama?"

"Kisimani, babu yako alipokuwa akichimba. Vilikuwa tele."

Kwetu pwani mgeni akibisha hodi, jina lake huja baadaye. Kwanza huulizwa: wewe wa nani? Umetoka mtaa gani? Nani alikuzaa? Nimekaa na jiwe hili karibu mwaka mzima nikiliuliza maswali hayo hayo.

La mtaa ndilo lililokuwa jepesi. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, yale yale yaliyojengea Fort Jesus iliyoanza kusimamishwa mwaka 1593, na yale yale yanayokatwa matofali hadi leo. Ni mabaki ya miamba ya bahari ya miaka kama 125,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko yalivyo sasa. Kwa hesabu ya mawe hiyo ni jana jioni. Lakini vuka Makupa uingie Changamwe, mwendo wa dakika chache kama malori hayajafunga barabara, na umeshakanyaga ardhi nyingine kabisa: tope la bahari ya enzi ya Jurasiki lililogandamana likawa mwamba. Katika ripoti ya P. V. Caswell ya mwaka 1953 juu ya jiolojia ya Mombasa na Kwale, matabaka ya mwamba huo yameandikwa kwa majina ya mitaa yetu. Kuna la Miritini, na juu yake, changa zaidi, kuna la Changamwe. Majina niliyoyajua kwa midomo ya makanga wa matatu nikayakuta yamepangwa kwenye jedwali la umri wa dunia. Tabaka la Changamwe ni la miaka milioni 150 na ushei.

Basi mtaa wake ni Changamwe, na umri wake tumeukadiria. Kabila lake je?

Jina la jumla ni amonaiti, na Mama hakukosea sana kumwita konokono, maana gamba lake limejizinga kama la konokono. Ila ndani mambo ni mengine. Gamba la konokono ni chumba kimoja tu, njia tupu toka mlangoni hadi kileleni. Amonaiti alikuwa mjenzi. Kila alipokua alisogea mbele kidogo ndani ya gamba lake, akajenga kiambaza nyuma yake, akakifunga kile chumba cha zamani. Akasogea tena, akajenga tena. Mrija mwembamba ulipita katika viambaza vyote, ukivuta maji kutoka vyumba vya nyuma na kuviachia hewa, na kwa hewa hiyo akaelea. Mwenyewe aliishi chumba cha mbele tu, kile kikubwa, na jamaa zake walio hai leo ni pweza na ngisi. Ukoo wake mpana ulidumu baharini zaidi ya miaka milioni 300, hadi ulipotoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule wa msiba ulioondoa dinosaria.

Kuna jamaa mwingine anayefanana naye sana, na ndiye anayewachanganya wengi: nautilasi, ambaye bado yuko hai katika bahari za mashariki ya mbali. Naye ana vyumba, naye ana mrija. Tofauti iko mahali kiambaza kinapokutana na gamba, pale wataalamu wanapopaita mshono. Mshono wa nautilasi ni mstari mtulivu, wimbi moja au mawili. Mshono wa amonaiti umekatika na kukatika tena, kama ukingo wa jani la mpapai, kila pindo lina vipindo vyake. Pia mrija wa nautilasi hupita katikati ya kiambaza, na wa amonaiti hupita ukingoni kabisa, upande wa nje wa mzingo.

Haya niliyasoma usiku mmoja, na asubuhi nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilitaka kuuona mshono. Nikaliloweka jiwe kwenye siki usiku kucha, kisha nikalisugua kwa brashi ya waya. Donge lile lina chokaa ndani yake, na siki hula chokaa. Upande mmoja ulitoka laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mbavu zilizokaa ndani ya tope miaka milioni 150 nilizifuta kati ya isha na alfajiri. Yeyote anayesoma hapa na ana jiwe la namna hii, nakuomba: maji safi na mswaki laini, basi. Kama halitoki kwa hayo, liache.

Upande wa pili ulisalimika, na huko, katika mzingo wa kabla ya ule wa nje, niliiona mishono mitatu. Jani la mpapai kabisa. Kwa hiyo nautilasi hakuwa.

Ili kwenda mbele nilihitaji vipimo, na rula ya shule haikufaa. Nikaenda katika duka la vyuma kununua kalipa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mtu wa Kachi, na duka lile alilianzisha babu yake. Nilikuwa na jiwe kwenye mfuko, na nilipolitoa nijaribu kalipa juu yake, mzee aliacha kuandika risiti.

"Hii umepata wapi?"

"Changamwe, mzee. Ufuoni."

Alilipokea kwa mikono miwili, namna mtu anavyopokea mtoto. "Sisi twaita saligramu," akasema. "Mama yangu alikuwa nayo moja, ndogo, nyeusi. Alikuja nayo toka kwao, ikakaa mahali pa ibada nyumbani mpaka alipofariki. Lakini ile yatoka mto Gandaki, Nepal. Sikujua Changamwe iko."

Akanionyesha kwa kidole mzingo: kwa Wahindu ile ndiyo gurudumu la Vishnu. Nilipofika nyumbani nilisoma zaidi, nikakuta mzee amenena kweli kuliko alivyojua mwenyewe. Saligramu nyingi za Gandaki ni amonaiti zilizokaa ndani ya madonge meusi ya mwamba wa tope, na mwamba huo ni wa Jurasiki, kama wa kwetu. Bahari iliyoziweka pale ilikuwa Tethisi, kabla Bara Hindi halijaenda kugonga Asia na kuyainua matope yake yakawa Himalaya. Mto unayachimbua madonge huko juu, watu wanayaokota chini.

Sasa vipimo. Kipenyo milimita 94. Kitovu, yaani lile bonde la katikati linaloachwa na mzingo wa nje, milimita 43. Urefu wa mzingo mdomoni milimita 29, upana wake 27. Ukigawanya kitovu kwa kipenyo unapata kama asilimia 46. Hesabu hii ndogo ina maana kubwa: kuna amonaiti ambao mzingo wa nje huimeza karibu yote ya ndani, kitovu kikabaki tundu la sindano, na kuna wale wanaoiacha wazi ionekane, kama kamba iliyokunjwa sitahani. Jiwe langu ni la hao wa pili.

Halafu mbavu. Nilizihesabu mara tatu kwa kuweka nukta za chaki, na mara zote tatu mzingo wa nje ulitoa 52. Kila ubavu unaanzia kitovuni, unapanda wima bila kupinda sana, na karibu na ukingo wa nje unagawanyika mara mbili kama panda ya manati. Vile viwili vinavuka ukingo bila kukatika na kuungana na wenzao wa upande wa pili. Ukingo wenyewe ni wa mviringo. Kuna amonaiti wenye mkuku pale, mkuku hasa kama wa mashua, lakini langu halina. Halina vijinundu wala miiba, na hilo likamwondoa Aspidoceras, ambaye naye hupatikana katika miamba ya Mombasa. Haliko laini, na hilo likamwondoa Phylloceras. Na katika mzingo wa nje kuna mahali pawili ambapo gamba limebanwa kwa mfereji mwembamba, kama tumbo lililofungwa mkanda.

Mfereji huo ndio ulionipa furaha, kisha ukanipotosha. Nilikuwa nimetazama picha nyingi za amonaiti za Madagaska, zile zinazokatwa katikati, zikang'arishwa na kuuzwa dunia nzima. Zenye mbavu za panda na mifereji zimeandikwa Perisphinctes. Jina lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya aliyebanwa pande zote, kwa ajili ya mikanda ile. Nikasema: nimempata. Nikaandika Perisphinctes kwenye karatasi, nikaibandika kwenye mkebe, nikalala.

Rafiki mmoja aliniunganisha na mwalimu wa jiolojia. Nikamtumia picha, nikitegemea aniambie hongera. Alinijibu kwa maswali. Jiwe lilikuwa ndani ya mwamba au limelala juu ya tope? Futi ngapi kutoka tabaka gani? Picha ya ukingo wa nje iko wapi? Ya mdomo? Mwanga uliutoa upande gani? Kila swali lilinionyesha kitu ambacho sikukifanya. Nilikuwa nimepiga picha ya ubavuni tu, jua la saa sita likiwa utosini, na mbavu zote zimelala bila kivuli. Alinifundisha: picha tatu, ya ubavu, ya ukingo na ya mdomo, rula ikiwa kando, na mwanga utoke juu kushoto. Ni desturi ya wataalamu wa visukuku, ili jicho lijue daima kipi kimeinuka na kipi kimebonyea.

Baadaye, tulipokutana ana kwa ana, alilipaka jiwe moshi mweupe wa kloridi ya amonia kwa ajili ya picha. Rangi zote za kutu zikapotea, likabaki umbo tupu, jeupe kama limechongwa kwa chumvi. Mikunjo ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi ikajitokeza. Akaniambia kwamba amonia na amonaiti ni majina ya baba mmoja. Amun alikuwa mungu wa Misri ya kale mwenye pembe za kondoo, na Plini wa Roma, katika karne ya kwanza, aliyataja mawe haya kuwa ni pembe za Amun. Chumvi ya amonia nayo ilipata jina kutokana na hekalu la Amun kule jangwani. Kwa hiyo jina hili ambalo Wazungu wametuletea katika vitabu lilitoka Afrika kwanza.

Kuhusu Perisphinctes aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Jina hilo lilikuwa kapu." Mtaalamu wa visukuku Waagen alilitoa mwaka 1869, na kwa miongo mingi kila amonaiti mwenye mbavu za panda na mkanda alitupwa humo. Leo kapu limemwagwa, na vilivyokuwa ndani vimegawanywa. Perisphinctes wa kweli ni wa wakati unaoitwa Oksfodiani, na wengi wao wakikua wakubwa mbavu za mwisho hubadilika, zikawa nene na kuachana mbali. Za kwangu zilikuwa zile zile, panda baada ya panda, mpaka mahali jiwe lilipovunjika. Zikichukuliwa pamoja na kitovu kipana, mzingo wa mraba uliolainishwa kona, na tabaka la Changamwe lenyewe, mwalimu alielekeza kwenye jina jingine: Torquatisphinctes. Ni wa Kimerijiani, baada ya Oksfodiani. Torquatus kwa Kilatini ni aliyevaa kidani shingoni.

"Na jina la pili?" nikamwuliza, maana kila kiumbe katika sayansi ana majina mawili.

"La pili sikupi."

Alinieleza kwa subira. Mizingo ya ndani kabisa imejaa jiwe gumu na hatuioni. Mdomo wa asili haupo, umevunjika. Mnyama aliyekomaa hujulikana kwa mishono ya mwisho kusongamana, kwa sababu alipoacha kukua alijenga viambaza karibu karibu, na katika jiwe langu sehemu hiyo ndiyo niliyoisugua kwa waya. Kwa hiyo hatujui kama huyu ni mtu mzima au kijana. Na hilo la utu uzima ni zito kuliko linavyosikika. Mwaka 1962 na 1963, Makowski wa Poland na Callomon wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba amonaiti wengi walikuwa na maumbo mawili katika spishi moja: mkubwa, na mdogo ambaye mara nyingi ana vimasikio mdomoni. Wengi huamini mkubwa ndiye jike na mdogo ndiye dume. Kabla ya hapo, mume na mke walikuwa wamepewa majina tofauti, wakawekwa katika jenasi tofauti, yaani koo tofauti za spishi, kana kwamba hawajawahi kujuana.

Habari ya John Callomon niliifuatilia kwa hamu. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kemia. Alikuwa profesa wa kemia London. Amonaiti walikuwa mapenzi yake ya pembeni, ya wikiendi na likizo, na kwa mapenzi hayo akawa mmoja wa watu walioijua Jurasiki kuliko karibu wote wa zama zake. Sijifananishi naye. Lakini nilipojua kwamba mtu anaweza kushinda na kemia siku tano kisha akayasoma mawe siku mbili, mikebe yangu ya biskuti niliitazama kwa jicho jingine. Niliitoa yote chini ya kitanda. Katika mawe 63, nilikumbuka kwa hakika mahali nilipoyaokota 14 tu. Hayo mengine 49 ni mazuri, yanang'aa, na hayawezi kumwambia mtu lolote kuhusu alipotoka. Sasa kila jiwe linapata karatasi yake pale pale ufuoni: tarehe, mahali, ndani ya mwamba au juu ya tope.

Nilidhani mimi ni wa kwanza kuhangaika na konokono wa mawe wa Mombasa. Wapi! Katika miaka ya 1870 alipita hapa Johannes Maria Hildebrandt, Mjerumani mkusanyaji wa mimea, ambaye jina lake bado limo katika majina ya mimea mingi ya Afrika Mashariki na Madagaska. Pamoja na majani aliokota na mawe. Mawe yakafika Berlin, na mwaka 1877 Ernst Beyrich akaandika kuhusu amonaiti za Jurasiki kutoka Mombasa. Hildebrandt mwenyewe alifariki Antananarivo mwaka 1881, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Baada yake, katika karne ya 20, Bibi McKinnon Wood alitembea pwani yetu akikusanya, na makusanyo yake yakaenda makumbusho ya Hunterian, Glasgow. Amonaiti wake walichambuliwa na L. F. Spath, mtaalamu wa amonaiti, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1930.

Silaumu mtu. Bila wao, mwalimu wangu asingekuwa na picha ya kulinganisha na jiwe langu. Lakini namfikiria Mama kisimani, akirusha amonaiti juu na kudaka, wakati ambapo jamaa za mawe yale walikuwa wamelala kwenye droo za Glasgow na Berlin na vikaratasi vyao. Hakuna aliyewahi kumwambia. Yeye alijua mahali yalipo tele, na wao walijua yanaitwaje, na pande hizo mbili hazikukutana.

Spath huyu ndiye aliyenipa jibu la swali nililokuwa nikilingoja tangu mwanzo, swali la ukoo. Jina Torquatisphinctes alilitunga yeye, mwaka 1924. Na amonaiti aliyemweka kuwa kielelezo cha jenasi nzima, yule ambaye wengine wote hupimwa kwake, hakutoka Ulaya. Alikuwa amepewa jina na Sowerby, mtaalamu Mwingereza, mwaka 1840, kutokana na mawe yaliyookotwa Kachi.

Kachi. Magharibi ya Bara Hindi, kwao yule mzee wa duka la vyuma.

Nilisoma mstari ule nikasimama. Spath alikuwa akizishughulikia amonaiti za Kachi na za pwani ya Kenya katika miaka ile ile, na alizijua kuwa ni jamaa. Sababu iko kwenye ramani ya zamani. Wakati huo Bara Hindi lilikuwa limeshikamana na Madagaska, na kipande hicho kizima ndiyo kwanza kimeanza kuachana na Afrika. Kati yao palikuwa na bahari changa, nyembamba, iliyofunguka kaskazini kwenye Tethisi. Mombasa ilikuwa ukingo mmoja wa mlango huo, Kachi ilikuwa upande wa pili. Konokono wa Mama na wenzao wa Kachi waliogelea katika maji mamoja. Ni kweli gamba tupu laweza kuelea mbali baada ya mwenyewe kufa, kwa hiyo kombe moja halithibitishi kitu. Lakini hapa si kombe moja. Ni jamii nzima, tabaka baada ya tabaka, pande zote mbili. Hata kule Tendaguru, Lindi, walikochimbwa dinosaria wakubwa kati ya 1909 na 1913, ni amonaiti wa matabaka ya bahari waliosaidia kujua majitu yale ni ya lini. Mifupa ilienda Berlin ikapata umaarufu. Konokono hawakupata umaarufu huo.

Baadaye bahari ile nyembamba ikapanuka, ikawa hii tunayoijua, na miaka milioni 150 ikapita mpaka watu wakaanza kuivuka tena kwa upepo wa kaskazi, kutoka bandari ya Mandvi kule Kachi hadi Mombasa, na nguo na nafaka, na katika safari moja kama hizo, babu wa mzee wa duka.

Lipo jambo la sheria nalo nalisema wazi, kwa sababu nilichelewa kulijua. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka mtu aliyegundua kitu cha namna hii atoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa alipokipata, na kitu chenyewe akikabidhi. Mimi nilikaa nalo miezi. Mchuuzi wa vinyago alikuwa ameniahidi shilingi elfu tatu, na nakiri usiku mmoja nililifikiria. Kisha nikawaza likiwa limekatwa katikati, limeng'arishwa, liko kwenye rafu ya mtu asiyejua Changamwe ni wapi. Nililifunga kwa kanga kuukuu ya Mama, nikalipeleka pamoja na vipimo, picha na ramani niliyoichora kwa mkono ya mahali penyewe. Karatasi iliyowekwa nalo inasema Torquatisphinctes, tabaka la Changamwe, ufuo wa Port Reitz, limeokotwa juu ya tope. Niliomba jina la mpwa wangu liandikwe kuwa mwokotaji. Likaandikwa.

Wiki ile ile nilirudi katika duka la vyuma. Nilikuwa nimechapisha karatasi mbili: picha ya jiwe langu likiwa jeupe kwa ule moshi, na mchoro wa amonaiti wa Kachi. Mzee alivaa miwani, akaziweka sambamba juu ya kaunta. Aliziangalia muda mrefu. Mteja mmoja alikuja akataka misumari ya inchi tatu, akahudumiwa na kijana.

"Hii ya kwetu, milima gani?"

"Wameandika Katrol, mzee. Tabaka la Katrol."

"Katrol." Alivua miwani. "Bibi yangu alizaliwa Bhuj. Katrol iko kusini yake tu, hapo hapo. Alikuwa akisema mvua ikija, yaanza kuonekana Katrol kwanza."

Akaniuliza kama anaweza kubaki na karatasi. Nikamwambia ni zake. Akainua kioo cha kaunta, akaitelezesha ya Changamwe na ya Kachi chini yake, kando ya orodha ya bei za nondo, akakilaza kioo polepole.

"Mlete yule mtoto," akasema. "Aliyeiona."